Mwanangu anataka kuihama timu ya babu yake, na mimi nimeshamnunulia skafu ya maadui

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimejifungia bafuni. Nyumba yetu haina siri isipokuwa moja, nayo ni yangu, na iko ndani ya sanduku la vitenge, chini kabisa, imefunikwa na doti ya kanga aliyoniletea mama kutoka Tanga. Ni skafu. Nyeusi na nyeupe, mistari mistari kama punda milia. Nimeinunua kwa hela yangu mwenyewe na nikalipa taslimu, ili isionekane kwenye akaunti ya benki tunayotumia wote wawili. Ungeniona siku ile dukani ungedhani nanunua bangi.

Nianze mwanzo. Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, huu ni mwaka wa 12 naishi Melbourne, nafanya kazi ya kutunza wazee. Nimeolewa na Mwaustralia, mtu mpole, hanywi, anapika, na kila Ijumaa anampigia mama yangu simu na kumwamkia "shikamoo mama" kwa lafudhi inayomchekesha bibi wa watu mpaka machozi. Kabla ya ndoa niliuliza yote ya kuuliza. Niliuliza magonjwa ya ukoo, nikauliza madeni, nikauliza kama kuna mtoto mahali. Timu sikuuliza. Nani angeuliza timu?

Kumbe ugonjwa wa ukoo ulikuwa huko. Mume wangu, baba yake, na baba wa baba yake mpaka anaingia kaburini, wote St Kilda. Na si mpira huu wetu. Ni ule wao, futi (si futi ya kupimia kitambaa, ndivyo wanavyouita wenyewe): mpira umechongoka kama yai, unapigwa teke na kusukumwa kwa ngumi, watu 18 kila upande, uwanja mkubwa kama shamba. St Kilda wamechukua ubingwa mara moja tu, mwaka 1966. Mara moja, Shangazi, tangu dunia iumbwe. Babamkwe alikuwa na miaka 9. Picha ya kikosi kile ameitundika sebuleni, mahali watu wengine wanapotundika picha ya arusi. Ya arusi yake iko koridoni. Na cha kuchekesha, mechi yenyewe hakuimaliza hata kuisikiliza. Anasema dakika za mwisho alishindwa kuivumilia redio, akakimbilia uani, akajibanza nyuma ya banda la kuku na kuziba masikio, mpaka dada yake alipomfuata kumwambia wameshinda. Tangu siku hiyo anangoja kombe la pili.

Nilidhani nitazoea. Sijazoea. Wakifungwa Jumamosi, mume wangu haongei mpaka Jumanne. Si kwamba anagomba; angegomba ningejua la kufanya. Anakaa tu. Anajibu "ndiyo", "hapana", "sijui". Anakunja nguo vizuri kupita kiasi. Na kwa jinsi wanavyofungwa, piga hesabu mwenyewe ni Jumatatu ngapi nimeishi na bubu.

Tuna mtoto mmoja, wa kiume, mwezi ujao anatimiza miaka 10. Kadi yake ya uanachama wa St Kilda ilifika nyumbani kabla ya cheti chake cha kuzaliwa. Babu yake ndiye humpeleka uwanjani. Julai 2025 walikwenda wote watatu kule Docklands, St Kilda na Melbourne. Robo ya tatu inaisha wako nyuma kwa pointi 46. Mtoto akaanza kulia, anataka nyumbani: njaa, baridi, na wenzake wa shule walikaa safu ya mbele wakigeuka kumcheka. Mume wangu akamshika mkono wakaenda kupanda treni pale Southern Cross. Babu akabaki. Yaliyotokea baada ya hapo unayajua, mji mzima unayajua. Babu alirudi usiku amepoteza sauti kwa kupiga kelele. Hawa wawili waliingia ndani kama waliotoka mazikoni, na timu yao imeshinda! Mume wangu hakusema neno. Nikajaribu kuchangamsha nyumba, nikamtania mtoto: "Kumbe mkosi ulikuwa wewe! Umetoka tu, wameshinda." Akacheka kidogo akaenda kulala.

Tangu hapo uwanjani hataki. Mara tumbo, mara kazi ya shule. Siku ya mechi anabaki chumbani, anauliza matokeo kupitia mlango. Nikimwambia wamefungwa anasema, "Lakini mimi sikwenda," kana kwamba nimekosea kusoma.

Mwezi uliopita akaniambia anataka kuwa Collingwood. Shangazi, kati ya timu zote 18! Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mimi nikiwa Collingwood, Babu atapata kombe lake." Nikaona ni hesabu za kitoto. Darasani kwake karibu wote ni Collingwood, wamekuwa mabingwa juzijuzi tu, 2023. Nikamwonea huruma. Kila mtu anarithi kitu, lakini huzuni mtoto wangu airithi ya nini? Nikaenda nikanunua skafu, iwe zawadi yake ya siku ya kuzaliwa.

Sasa nimeingiwa na hofu. Collingwood ndio waliofungwa ile 1966, na ndio walioichinja St Kilda 2010. Mume wangu alikuwa uwanjani Jumamosi zote mbili za 2010, na tiketi zake hadi leo ziko ndani ya pasipoti ya zamani. Babamkwe ana shinikizo la damu. Usidhani sijui ushabiki. Marehemu baba yangu alikuwa Coastal Union wa kufa na kuzikana. Lakini kwetu mtu alifungwa, akamtukana refa, akanywa chai, yakaisha.

Nimpe mtoto skafu, au niichome moto? Na mume wangu nimwambie mimi, au nimwache mtoto ajitetee mwenyewe?

Mama wa Mmoja, Dandenong

Marahaba, mwanangu. Kwanza toka bafuni, wenzio wanataka kuoga.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwehu, hasa kwenye zile nguo zilizokunjwa. Mara ya pili nilijifunga kanga kiunoni nikataka kuja huko nimseme mumeo. Mara ya tatu nikaona kitu nilichokiruka mara mbili, na wewe umekiruka ingawa umekiandika kwa mkono wako. Nitakifikia. Niache kwanza niwaeleze wanaotusoma kutoka Tandika na Mombasa huo ukoo ulikoolewa, wasije wakadhani unakuza mambo.

St Kilda ni kitongoji cha pwani hapa Melbourne. Jina lilitokana na jahazi lililowahi kutia nanga hapo. Mtakatifu wa jina hilo hayupo, hakuwahi kuwapo. Ndiyo timu ambayo mashabiki wake wanaiita Watakatifu. Unaanza kuona shida ilipoanzia? Klabu iliundwa 1873, ligi kubwa ikaanza 1897 wao wakiwa ndani, na mechi 48 za kwanza walifungwa zote. Misimu mitatu mizima, hata moja! Ushindi wa kwanza ulikuja 1900, nao ulikuja ofisini: walitoka sare na Melbourne, wakakata rufaa, ikafutwa pointi moja ya wenzao. Katika mchezo huu anayeshika mkia husemwa amepewa mwiko wa mbao. St Kilda wanayo 27, wa karibuni ni wa 2014. Miiko 27 unapikia shughuli ya mtaa mzima.

Halafu ile 1966. Golini kuna nguzo nne. Ukipitisha mpira kwa teke katikati ya zile mbili ndefu unapata pointi 6. Ukikosea ukapita pembeni, kati ya ndefu na fupi, unapewa 1, kama kifuta jasho. Fainali ile, mbele ya watu zaidi ya 101,000, zimebaki sekunde za kuhesabika na ubao unasoma 73 kwa 73. Barry Breen akaupiga mpira bila mpangilio wowote, ukadunda dunda, ukapita pembeni. Pointi 1. Sabini na nne kwa sabini na tatu. Kombe pekee walilonalo limeletwa na mpira uliokosea goli! Mimi si shabiki wao, na bado jambo hilo nikilifikiria naduwaa.

Yaliyofuata mumeo ameyaishi. Mwaka 2009 walishinda mechi 19 mfululizo tangu msimu uanze, wakafika fainali, wakafungwa na Geelong kwa pointi 12. Mwaka 2010 wakarudi fainali, na Collingwood. Ikaisha 68 kwa 68. Dakika za mwisho mpira ulikuwa unamwendea Stephen Milne, goli liko wazi, hakuna mtu. Mpira wa yai hauna adabu. Ukadunda ukamkwepa, ukatoka pembeni kwa pointi 1. Sheria ya wakati huo ilikuwa sare ya fainali inarudiwa wiki inayofuata. Waliporudi walichapwa kwa tofauti ya pointi 56. Hizo ndizo Jumamosi mbili zilizolala ndani ya pasipoti ya mumeo. Kati ya ya kwanza na ya pili palikuwa na siku saba. Muulize siku moja alizilalaje. Muulize kwa upole, si siku waliyofungwa.

Umeniambia kwenu mtu alifungwa, akatukana refa, akanywa chai, yakaisha. Mimi ni wa Pangani, usinifiche. Coastal walichukua ubingwa 1988, na 2016 wakashuka daraja. Katika miaka yote hiyo, Simba na Yanga wakigawana makombe kama ndugu wanaogawana shamba, baba yako alihama? Umeandika mwenyewe, wa kufa na kuzikana. Nina hakika kulikuwa na jioni alizorudi kutoka Mkwakwani mkaambiwa msimsumbue. Mlikuwa watoto, mlidhani amechoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mzigo wa mzazi mtoto hata haoni kama ni mzigo.

Nitakupa na kisa cha hapa hapa, kisha nije kwenye lako. Nilifika Melbourne 1995, nikapanga chumba jirani na mzee mmoja, shabiki wa Fitzroy. Fitzroy ilikuwa klabu ya tangu 1883, ilikuwa na makombe mengi kuliko St Kilda, ila la mwisho la 1944, na mfukoni ilibaki na vumbi. Mwaka uliofuata waliifunga. Sisemi kufungwa goli. Nasema kufungwa kama duka. Kilichobaki kikaunganishwa na timu ya Brisbane, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600 kutoka hapa. Siku ya mechi ya mwisho mjini mwao walipigwa na Richmond kwa tofauti ya pointi 151, na mzee alikaa mpaka king'ora cha kumaliza mechi, akarudi, akanigongea mlango kuniomba chumvi. Chumvi alikuwa nayo, niliiona. Alitaka tu mtu wa kumfungulia mlango. Brisbane ilipokuja kuchukua ubingwa mara tatu mfululizo, 2001 mpaka 2003, nilimpongeza. Akasema asante, kwa adabu, kama unavyomshukuru mtu aliyekupongeza kwa arusi ya jirani.

Kwa hiyo siwezi kuungana nawe kwamba ni huzuni tu inayorithiwa. Wanaume watatu wa nyumba hiyo hawajui kukaa chini wakaambiana "leo nina wasiwasi". Wengi hawajui. Lakini wanajua kukaa saa tatu bega kwa bega kwenye baridi, mmoja ameshika chai ya mwenzake, wakilalamikia mwamuzi. Mambo mengi yanapita hapo bila kutajwa.

Sasa nije kwenye kile nilichokiruka.

Umeandika mtoto anataka kuwa Collingwood kwa sababu wenzake darasani ni Collingwood. Hajasema hivyo. Hilo umelisema wewe. Yeye alisema, "Mimi nikiwa Collingwood, Babu atapata kombe lake." Irudie pole pole. Kisha irudie na ile ya mlangoni: "Lakini mimi sikwenda." Kisha rudi nyuma kidogo, usiku ule wa Julai, usome ulichomwambia.

Mwanangu, mtoto wako haihami timu. Anajiondoa ili timu ishinde.

Amini mtoto wa miaka tisa anaweza kufika hapo, tena haraka. Fikiria alichokiona. Amekwenda uwanjani misimu kadhaa, wanafungwa. Siku moja analia, anatolewa, na mlango wa treni haujafunga vizuri timu yake inafanya jambo ambalo ligi hiyo haijawahi kuliona tangu 1897: inatoka nyuma kwa pointi 46 katika robo ya mwisho. Nasiah Wanganeen-Milera anafunga goli la kusawazisha zikiwa zimebaki sekunde, anadaka tena mpira mbele ya goli, king'ora kinalia, anapiga la ushindi huku uwanja mzima umesimama. Anafika nyumbani, baba yake hasemi naye. Halafu mama yake, mtu anayemwamini kuliko wote, anamtajia sababu: mkosi ulikuwa wewe. Tena kwa Kiswahili, lugha ambayo humo ndani, nadhani, mnaitumia mkiwa wawili kwa mambo yenu ya ndani.

Najua ulitania. Sisi watu wa pwani tunatania hata msibani. Lakini nawe unajua kwetu neno hilo lina uzito gani. Kuna watu wamebebeshwa nuksi utotoni, fulani ana mguu mbaya, fulani akipita biashara haiendi vizuri, wakaishi nayo mpaka mvi. Huyu wa kwako ameibeba miezi mingi bila kumwambia mtu, na dawa aliyojitungia ni kwenda kwa maadui awapelekee wao huo mkosi. Ukimfungulia hiyo skafu siku ya kuzaliwa kwake, mbele ya keki, hatasikia "una haki ya kufurahi". Atasikia mama amekubali kwamba mkosi ni yeye.

Basi skafu usimpe. Si sasa.

Na dawa unayo, umeiweka kwenye barua yako kama kichekesho cha kupitisha muda. Babu yake, 1966, umri ule ule wa miaka 9, alikuwa nyuma ya banda la kuku ameziba masikio! Amengoja maisha yake yote kuona kombe la pili, na la kwanza hakuliona. Alilikimbia. Je, kuna mtu aliyemwambia kwamba wameshinda kwa sababu yeye alitoka chumbani? Dada yake alimfuata uani akamwambia wameshinda, akamrudisha ndani kwenye sherehe. Ndiyo tofauti yote kati ya wavulana hawa wawili: mmoja alifuatwa.

Mjukuu anakijua kisa hicho? Nina shaka. Visa vya namna hiyo wazee huwasimulia wakwe, wajukuu huonyeshwa picha ya kikosi.

Kwa hiyo kaa na mtoto kwanza wewe, leo, usingoje kesho. Mwambie kwa Kiswahili, kwa sababu jeraha liliingia kwa Kiswahili: "Yale maneno niliyokutania yalikuwa ya kipuuzi, naomba radhi." Usimweleze mambo ya takwimu wala kwamba mikosi haipo, watoto hawabishani na takwimu, wanabishana na uso wa mama. Mwache akuulize. Akilia, mwache alie.

Kisha mwambie mumeo, usiku, mtoto amelala. Mwambie yote pamoja na skafu. Ataumia kidogo kuhusu skafu na ataumia sana kuhusu hilo jingine, na ni sawa aumie. Unadhani alinyamaza usiku ule kwa sababu alimkasirikia mtoto. Sidhani. Mtu aliyekaa Jumamosi zote mbili za 2010 mpaka king'ora, siku ambayo kukaa kungelipa, yeye ndiye aliyenyanyuka akaenda kupanda treni. Alikuwa na aibu. Na alifanya sawa, mtoto wake alikuwa analia. Baba yeyote mwenye akili angenyanyuka. Ila hakuna aliyemwambia hivyo. Mwambie wewe. Na ukishamwambia, mwambie na hili, bila kumung'unya maneno: mtoto anasoma kimya chake kama adhabu. Mtu mzima anaweza kuhuzunikia timu yake, simzuii, lakini Jumatatu anampeleka mtoto shule na njiani anafungua mdomo, hata kama ni kwa ajili ya kumlaani kocha. Siku tatu za ububu baada ya kila mechi, miaka yote hiyo, si ushabiki tena. Kama anajaribu na hawezi, amwone daktari wa familia amweleze waziwazi, pamoja na zile Jumatatu. Mambo kama hayo yana watu wa kuyashughulikia, na wewe si mmoja wao. Wewe una wazee wa kutunza kazini, usije ukageuza na nyumbani wodi.

Babamkwe sasa. Shinikizo la damu lisikutishe. Mtu aliyefika 2010 na akatoka hai hatauawa na skafu. Mwombe jambo moja tu, amchukue mjukuu wake na amsimulie kuhusu lile banda la kuku. Lote, na masikio yaliyozibwa, na dada yake, na kama aliona aibu. Pale Moorabbin, uwanja wa nyumbani wa timu zamani, kuanzia 1965 mpaka 1992, leo wanafanyia mazoezi; wapeleke wakae kwenye nyasi pembeni. Usiwafuate. Wewe kaa kwenye gari na simu yako.

Sasa utaniuliza, na baada ya yote hayo akisema bado anataka Collingwood? Basi awe Collingwood, na baba yake ameze mate. Nina sharti moja tu, amwambie babu yake mwenyewe, kwa mdomo, uso kwa uso. Na mumkumbushe kwamba haendi kwenye raha. Collingwood walikaa bila kombe kutoka 1958 mpaka 1990, na katikati hapo walifungwa fainali nane, mojawapo hiyo hiyo ya 1966. Kuna wazee wa mistari nyeusi na nyeupe hapa mjini ambao ukiwatajia 1970 wanaondoka mezani, kwa sababu walikuwa mbele ya Carlton kwa pointi 44 wakati wa mapumziko na bado wakafungwa. Hakuna timu ya kukimbilia.

St Kilda wenyewe, kama utaniuliza mimi ninayekaa Footscray, sioni kwa nini wasipate. Ligi hii imepangwa ili wanyonge wainuke: wa mwisho ndiye huchagua wa kwanza katika vijana wapya, na mishahara ina kikomo, hakuna tajiri wa kununua kikosi kizima. Foleni inasogea. Sydney walipata 2005 baada ya miaka 72. Sisi hapa Footscray 2016, baada ya 62. Niliona wanaume wenye mvi wamekaa ukingoni mwa barabara wakilia na wala hawakujifuta. Richmond 2017. Melbourne 2021, wa tangu 1964. Mbele ya St Kilda sasa hakuna aliyengoja zaidi yao. Wako dirishani. Ni kweli karani anaweza kufunga dirisha akaenda kula, sitakudanganya.

Ile skafu usiichome, hela ni hela. Kama risiti unayo, irudishe. Kama uliitupa kwa hofu, na mtoto akabaki na timu ya babu yake, ikunje mara mbili uiweke chini ya mlango wa uani. Julai inakuja, na nyumba za huko Dandenong nazijua, upepo unapita chini ya mlango kama mwenye nyumba.